Mwana Huyu Hana Miezi Saba

Juzi arusini, Langoni hapa Lamu, mpwa wangu alimlaza mwanawe mkekani. Bi mkubwa mmoja akamnyanyua, akamketisha, akamwachia. Mtoto akainama taratibu kama mshumaa uliowekwa juani, akaangukia ubavu.

"Mwanangu, miezi saba na hajakaa kitako? Wa jirani yenu aliyezaliwa naye siku moja yuatambaa. Huyu amelegea."

Mpwa wangu alicheka. Usiku akalia.

Sasa tuhesabu, maana pesa za wenzetu twazihesabu hadi thumni ya mwisho. Mtoto alizaliwa wiki ya 30 ya mimba. Wiki 10 za tumboni hakuzipata. Zitoe kwenye hiyo miezi saba: ana minne na nusu hivi. Nani anamdai mtoto wa miezi minne na nusu akae? Hata waliotimiza siku zao, wengi hukaa wenyewe karibu na miezi sita, na wapo wanaongoja hadi minane na hawana ugonjwa wowote. Kliniki hesabu hii huendelea mpaka miaka 2.

Na wiki hizo si za kunenepa tu. Wiki ya 24 uso wa ubongo karibu ni laini kama yai. Mikunjo mingi huja baadaye. Ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaosawazisha mwili, ndio kwanza unakua mbio. Njia za kupeleka amri miguuni ndio kwanza zinaanza kuvishwa utando wake wa mafuta. Matondoni fundi gani hushua jahazi kabla ya kulitia kalafati, kuziba nyufa zake? Huyu alishuliwa hivyo hivyo, kazi ikamaliziwa majini: kwenye taa, kelele na sindano, na kifua cha mamake, ngozi kwa ngozi. Halafu mwamwita mlegevu!

Haya, bi mkubwa ana robo ya haki. Njiti, hawa waliozaliwa kabla ya siku zao, wako hatarini zaidi kupata mtindio wa ubongo, ule ulemavu wa viungo utokao ubongoni, na "ataka tu muda" imewachelewesha wengi. Miguu ikikakamaa na kupishana kama mkasi, ngumi zisipofunguka, au mkono mmoja tu ukifanya kazi kabla ya mwaka, panda boti uende hospitali. Lakini hukumu hiyo haitolewi mkekani, baina ya pilau na kahawa.

Jana alilazwa kifudifudi kifuani pa mamake. Akainua kichwa, akakigeuza dirishani kulikolia punda, akakishikilia vivyo hivyo mpaka punda aliponyamaza.