Mbegu au mbolea? Tusipime mahindi kwa gunia peke yake

Oktoba ikiisha, joto la Lubumbashi linapoita mvua, mkulima mwenye pesa kidogo hujiuliza swali lile lile: ninunue mbegu nzuri au mbolea? Wengi humjibu haraka kwamba anunue mbolea, kwa sababu udongo wetu umechoka. Jibu hilo lina ukweli mwingi, lakini linahesabu gunia tu. Mahindi yakitoka kwenye gunia yanakwenda mashine, yanakuwa bukari (ugali) mezani na uji wa mtoto, na huko kuna kasoro ambazo hakuna mbolea inayoweza kuziondoa.

Mbolea ina haki yake. Udongo mwekundu wa Haut-Katanga una asidi, na fosforasi yake ni haba. Anayeweka mbolea ya 10-20-10 (naitrojeni, fosforasi na potasi) wakati wa kupanda, kisha yurea, mbolea ya naitrojeni, mimea inapofika magotini, huona tofauti kwa macho: majani ya kijani kizito, na hindi lililojaa punje mpaka nchani. Naitrojeni huongeza pia protini ya punje na kuikaza, ikawa haivunjiki ovyo mashineni na fukusi akapata taabu kuitoboa. Na mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia, ambako tunapata mahindi na unga mwingi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nani angethubutu kudharau gunia hata moja lililovunwa hapa nyumbani? Mimi simwambii mtu aache mbolea.

Ila tuulize: protini inayoongezeka ni ipi? Kwa sehemu kubwa ni zeini. Zeini ndiyo akiba kuu ya protini katika punje ya mahindi ya kawaida, nayo karibu haina kabisa lisini wala triptofani, viungo viwili vya protini ambavyo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, lazima viliwe. Mmea ukipewa naitrojeni zaidi, ziada yake huiweka hasa kwenye hiyo zeini. Maabara ikipima unga itasema protini imepanda kutoka asilimia 8 hadi 10, na mwenye shamba atafurahi, kumbe lisini haikupanda kwa kiasi kile. Kinachoamua mtoto atajenga nyama kiasi gani ni kile kiungo kilichopungua, kilichozidi hakimsaidii. Na zeini hiyo hiyo ndiyo iliyoikaza punje tuliyoisifu hapo juu. Sijui kama tunaliwaza hilo tunapomwonyesha mama shamba la mfano lenye mabua marefu.

Hapo ndipo mbegu inapoingia. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba mahindi yenye jeni iitwayo opaki-2 yana zeini kidogo na lisini nyingi zaidi. Mwanzoni wakulima waliyakataa, na walikuwa na sababu: punje zilikuwa laini kama chokaa, nyepesi, na wadudu walizipenda. Surinder Vasal na Evangelina Villegas, katika CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano huko Mexico, walifanya kazi miaka mingi mpaka wakapata punje ngumu yenye lisini karibu maradufu ya ile ya kawaida. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kwetu Kongo, INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, imetoa mbegu za jamii hiyo, kama zile za Mudishi. Ubora huo umo ndani ya mbegu yenyewe, na huwezi kuumwaga shambani kwa kopo.

Wanaopinga wana hoja nzito moja: mtu mzima anayekula bukari kwa maharage au samaki hupata lisini kutoka kwenye mboga, basi kwa nini ahangaike? Kweli, yeye asihangaike. Lakini mtoto aliyeachishwa ziwa, anayelishwa uji mtupu asubuhi na jioni kwa sababu maharage yamepanda bei, hana mboga ya kumwokoa. Mimi ninamhesabu yeye kwanza.

Kwa hiyo pesa ikiwa haba, ningechagua mbegu kwanza, kisha mbolea kwa eneo dogo zaidi, kwa sababu mbegu nzuri katika udongo wenye njaa nayo itatoa mahindi madogo. Kuna sharti moja gumu. Chavua ya mahindi ya kawaida ikipeperuka kutoka shamba la jirani, punje iliyoipokea hurudi kuwa ya kawaida msimu huo huo, wala hungoji kizazi kijacho. Mistari ya pembeni ndiyo inayoharibika zaidi. Mwenye robo hekta katikati ya mashamba ya watu hawezi kulitatua tatizo hilo peke yake. Inabidi azungumze na majirani kabla ya mvua ya Novemba, wapande mbegu moja, au apande mapema au achelewe wiki tatu, maua yake yasikutane na yao. Mahindi ya uji wa mtoto ayavune katikati ya shamba, ayaweke kando na yale ya kuuza.