Ukuta wa Churchill na waashi waliomkataa

Huko Chartwell, nyumba ya Winston Churchill katika jimbo la Kent nchini Uingereza, bustani ya mboga imezungushiwa ukuta wa matofali mekundu. Kibao kilichopachikwa ukutani kinasema sehemu kubwa ya ukuta huo Winston aliijenga kwa mikono yake kati ya 1925 na 1932.

Mwaka 2020 National Trust, inayoitunza nyumba hiyo, iliiweka Chartwell kwenye ripoti ya maeneo 93 yenye uhusiano na utumwa na ukoloni. Kelele zikazuka. Waliokasirika walisema Trust inachokonoa siasa pasipo sababu, na hoja yao ina uzito kidogo: ukuta ni ukuta. Mtu alishika mwiko kupumzisha akili, na mboga hazina itikadi.

Lakini mwenye mwiko alikuwa Waziri wa Makoloni aliponunua nyumba hiyo mwaka 1922, na ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 1952. Mwaka 2013 London ilikubali kuwalipa wazee wa Kenya zaidi ya 5,000 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya miaka hiyo. Mimi naona ripoti ilikuwa sahihi. Mwenye kulalamika kwamba mgeni ameelezwa mengi mno hajanishawishi.

Ila pande zote mbili zimeruka kisa kilicho karibu zaidi na matofali yenyewe. Mwaka 1928 Churchill, wakati huo Waziri wa Fedha, alijiunga na chama cha wafanyakazi wa ujenzi, akapewa na kadi. Waashi wakaja juu. Miaka miwili tu nyuma, katika mgomo mkuu wa 1926, huyu huyu ndiye aliyekuwa akihariri gazeti la serikali la kuwapinga wagomaji. Leo anataka kuitwa ndugu? Uongozi wa chama ukaamua hafai kuwa mwanachama.

Hao hawakusubiri ripoti ya mwaka 2020. Walimpima kwa timazi yao wenyewe, ukuta ukiwa bado unajengwa. Kisa chao kingestahili kuwekwa palepale bustanini, jirani na kibao. Na hicho kibao nacho, ukikisoma vizuri, kinasema "sehemu kubwa". Iliyobaki ilijengwa na mikono ya watu wengine, na kibao hakiwataji.