Muuguzi si msaidizi tu
Ndugu mwandishi, umeandika kwamba muuguzi wa zahanati huku Lindi kazi yake ni kumsaidia daktari. Sikubaliani. Tangu Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, aanzishe shule yake ya uuguzi London mwaka 1860, msingi wa uuguzi ni kumwangalia mgonjwa kwa karibu na kuandika unachokiona. Chukua mama aliyejifungua: oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ukishahakikisha hakuna pacha tumboni. Kisha kila dakika 15 kwa saa 2, mapigo, presha, damu inayotoka, na mkono tumboni kupima kama mfuko wa uzazi umekaza. Wengi husahau kibofu! Kikijaa, mfuko unalegea na damu inamwagika. Mama akojoe kwanza. Usiku zahanati nyingi hazina daktari wa kuitwa.