Spika Twaazimana, Wateja Twanyang'anyana

Siandiki haya kuisifu Uingereza. Kazi ya udijei wa harusi nimeisomea Mombasa, nikibeba spika za watu kutoka Majengo na kuvuka nazo feri ya Likoni. Sasa naifanya Leicester, na huku sijaona madijei wanaosaidiana vifaa kama wa nyumbani. Amplifaya ikiungua Kisauni saa mbili usiku, bibi harusi yu njiani, unapiga simu moja au mbili tu. Mwenzako mnayegombania naye soko atakuletea yake kwa tuktuk, na mambo ya pesa mtazungumza kesho. Huku hilo sahau. Hoteli nyingi hazikuachi uchomeke hata waya kabla hujaonyesha karatasi za ukaguzi wa umeme wa vifaa vyako, pamoja na bima ya madhara kwa watu, ambayo mara nyingi hutakiwa iwe ya pauni milioni 10. Kifaa cha kuazima kisicho na stika ya ukaguzi kitabaki garini.

Lakini jambo moja wametushinda, nalo laniuma: mteja wa mtu haguswi.

Dijei wa huku akiugua, au akiitwa kazi mbili siku moja, humtafuta mshindani wake, na yule huenda kwa jina la aliyemtuma. Hagawi kadi yake. Mgeni akimwomba namba, humpa ya mwenye kazi. Nilipoanza kupewa kazi za namna hiyo nilitumiwa maelezo kamili: nyimbo walizochagua maharusi, wimbo wasiotaka kuusikia kabisa, jina la mama wa bwana harusi linavyotamkwa, na mahali kilipo kile chombo cha ukutani cha kupima kelele, ambacho ukizidisha sauti huwasha taa nyekundu, na ukikaidi hukata umeme. Mtu tunayeshindana aliyaandika yote hayo ili harusi ya wateja wake isiharibike mikononi mwangu. Na wateja wenyewe walikuwa wameshaambiwa kwamba anakuja mwingine, wakaridhia.

Sasa tuje kwetu. Familia imeshatoa arbuni, yaani malipo ya kwanza ya kushika kazi, ukumbi umeshakodiwa, tarehe imeshatangazwa. Dijei mwingine anapata habari, usiku huohuo anamtumia mama ujumbe: "Huyo mwamlipa ngapi? Mimi ntawafanyia kwa nusu, na mataa juu." Mama anarudi kwa wa kwanza kudai arbuni yake. Wa kwanza amekwisha kukataa kazi nyingine kwa ajili ya siku ile. Yanazuka maneno, na maneno ya Mombasa hayakai nyumba moja. Mfungo Mosi ndiyo mbaya zaidi, harusi zinapofuatana baada ya Idi. Mtu anapokea tatu za usiku mmoja, mbili anapeleka vijana ambao ndio kwanza wanajifunza, na familia haiambiwi kitu. Inagundua pale mama anapoomba taarabu yake ya kuingilia, kijana anabaki kutafuta kwenye simu huku watu wamesimama.

Tuliosoma madrasa tunaijua hadithi ya Mtume inayokataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye, na kuposa juu ya posa yake. Kwenye posa tunaiheshimu sana. Ikifika harusi yenyewe, tunaivunja.

Wako wanaosema dawa ni kupanga bei moja kwa wote. Sikubaliani nao. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza washindani kupangiana bei, na hata kama isingekataza, shughuli ya uani Kibokoni kwa spika mbili haiwezi kulipiwa sawa na hoteli ya Nyali. Kabla ya arbuni kila mtu aseme bei yake, hata ikiwa ya kutupa. Arbuni ikishapokewa, mwingine anyamaze. Na kijana mwenye njaa ya kazi apewe hizo za kutumwa, kwa malipo ya haki na kwa mteja kujua, badala ya kuachwa ajifunze kuvizia.

Tena mfano mzuri zaidi hauko Leicester. Uko kwa madijei wanawake wa kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao. Binti ya ami yangu ni mmoja wao. Ukumbini hamna mwanamume, wanawake wamevua mabuibui, picha marufuku, kwa hivyo akizidiwa na kazi hawezi kumtuma mwanamume yeyote. Inambidi amwite mwanamke mshindani wake. Basi wameshazoeana: humwarifu mama mwenye shughuli mwanzo, akikubali, arbuni yote huhamishiwa anayekwenda kwa M-Pesa, orodha ya nyimbo hufuata, na anayekwenda hachukui namba ya mtu mle ndani. Aliyewahi kuchukua, hawamwiti tena. Hawana ofisi wala cheti, na kazi yao inakwenda.

Nimemwomba akae na madijei wanaume wanaotaka kumsikiliza, kabla msimu haujaanza, naye amekubali. Wenzangu wa Mombasa, nendeni, na mkubaliane hilo la arbuni peke yake kwanza. Yanayobaki, ya mikataba na bima, mtayazungumza baadaye.