Waraka wa Hazina Usiruke Bunge

Wizara ya Fedha ya Kenya, yaani Hazina, ilipoamuru kwa waraka mwaka 2025 kwamba ununuzi wote wa serikali upitie e-GP, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, mabishano mengi ya Mombasa yalikuwa juu ya kompyuta: mtandao utashika, maafisa wamefunzwa? Ukitazama kutoka huku Marekani, hilo ndilo dogo. Kubwa ni ruhusa ya kuamuru ilitoka wapi.

Huku pia ipo ofisi moja inayotunga sera ya ununuzi kwa wizara zote. Congress, Bunge la huku, iliiunda mwaka 1974 ndani ya ofisi ya bajeti ya Rais, ikaiidhinishia fedha za miaka mitano tu. Mwaka 1979 iliipunguzia nguvu, 1983 ikairudishia kiasi, na uhai wa kudumu haikuupata hadi 1988. Mkuu wake huthibitishwa na Seneti. Sheria ya 1974 ilitaka kamati za Congress zipelekewe taarifa ya kina kabla sera kubwa haijaanza, na hadi leo sera inayowalemea wakandarasi hutangazwa siku 60 mapema ili watu watoe maoni.

Kwetu sheria hazikosekani, na kuna iliyo kali kuliko ya huku. Sheria ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri inataka kila kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipofika, inakufa yenyewe. Imetaja hata maelekezo na miongozo. Ikipita salama, uhai wake ni miaka 10, kwa hiyo kanuni za ununuzi za 2020 zina tarehe yao 2030.

Mwanya uko kwenye waraka, barua ya maelekezo isiyopitishwa njia hiyo. Unaandikwa Nairobi, unatumwa kwa maafisa wahasibu, na kamati ya Bunge haiuoni. Ukitua Julai 1, mpango wa ununuzi wa kaunti ushapitishwa pamoja na bajeti. Muuzaji wa soko la Kongowea asiyesajiliwa mfumoni hana pa kuweka bei yake, na aliyeleta mzigo kwa njia ya zamani anaambiwa malipo hayana msingi. Hivyo ndivyo madeni ya wazabuni yanavyozidi kurundikana.

Kwenye malalamiko ya zabuni, tumewashinda Wamarekani. Mwenye zabuni ana siku 14 za kulalamika, bodi ya rufaa ina 21 za kuamua, na uamuzi wake ni lazima ufuatwe isipokuwa mahakama iutengue. Huku ni hadi siku 100, tena jibu ni pendekezo tu. Lakini anayelitoa ni mkaguzi wa Bunge lenyewe, na wizara ikilipuuza, Bunge huarifiwa. Kwetu Bunge husubiri ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambayo Katiba inaipa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha, na wakati huo pesa zishatoka.

Wawakilishi wadi wa Mombasa hawana haja ya kungoja. Waraka ukisomwa mbele ya kamati ya fedha, wamuulize waziri wa kaunti namba ya gazeti la serikali na siku ulipowekwa mezani Bungeni. Akikosa vyote viwili, kamati iandikie Seneti wiki hiyo hiyo.