Kaseja, Burundi na kipa namba mbili

Septemba 2019 Taifa Stars ilipokutana na Burundi kuwania kufuzu Kombe la Dunia, huku Kigoma mechi ile ilitugusa kuliko Watanzania wengine. Warundi ni majirani zetu. Tunauziana dagaa na mawese, tunaoleana. Bujumbura iliisha 1-1, Dar es Salaam 1-1 tena, ikaenda kwenye matuta. Langoni alisimama Juma Kaseja wa KMC, miaka 34, ambaye wengi walishamzika kisoka. Burundi haikufunga hata tuta moja. Stars ikashinda 3-0.

Tangu siku ile, ukikaa kijiweni Ujiji ukasema kipa mkongwe awapishe vijana, utajibiwa: Kaseja je?

Jibu hilo lina uzito. Kipa haishi kwa mbio. Anaishi kwa kuusoma mpira kabla haujapigwa, kuwapanga mabeki, kujua krosi ipi aifuate na ipi aiache. Hayo hayaji mpaka umefungwa sana. Essam El Hadary wa Misri alidaka penalti ya Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45. Kumhukumu kipa kwa cheti cha kuzaliwa ni dhuluma, na Kaseja alidhulumiwa hivyo kwa muda mrefu.

Lakini wanaoikumbuka 2019 wanaisahau 2003. Mwaka ule Simba iliitoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa matuta kulekule Cairo, na aliyekuwa langoni ni Kaseja huyuhuyu, kijana wa miaka 18. Kuna mtu alithubutu kumkabidhi lango. Angeambiwa asubiri kaka zake wachoke, hao Burundi angewakabili nani?

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa vijana, pamoja na mapenzi yangu yote kwa Kaseja. Winga kinda huingizwa dakika ya 75 akaonekana. Kipa kinda haingizwi. Labda namba moja aumie au apewe kadi nyekundu. Lango ni moja, kwa hiyo miaka 10 ya mkongwe ni miaka 10 ya mtu mwingine benchi, na huyo hatumtaji kabisa tunapomsifu mkongwe. Siku akiitwa ghafla akaruhusu bao la kizembe, tunamwita gunia.

Misri kwenye Kombe lile la Dunia la 2018 walifanya jambo la busara: mechi mbili za kwanza walimpa Mohamed El Shenawy, ya tatu wakampa El Hadary. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Klabu zetu, Mashujaa wa hapa Kigoma wakiwemo, zinaweza kuanza na mechi za mwanzo za Kombe la FA. Mkongwe akae benchi siku hiyo, na wakati wa mapumziko amweleze mdogo wake alichokiona.