Cheti mkononi, kontra hakuna

Wageni wakija hapa Lubumbashi, Congo, kuzungumzia ajira za vijana, jambo la kwanza kutajwa ni mafunzo. Sina ugomvi na mafunzo. Wajapani, kupitia shirika lao la misaada, JICA, wametusaidia kukipanua na kukipa vifaa chuo cha ufundi cha INPP hapa mjini, na kijana aliyejifunza pale umeme au kuchomelea vyuma anaijua kazi kweli. Mwaka 2022 Chuo Kikuu chetu nacho kilipata kituo cha utafiti wa betri. Ni mambo mazuri. Kinachoniuma ni kwamba msaada unaishia kwenye mlango wa karakana. Kijana akishapigwa picha na cheti chake, hakuna anayeuliza ameajiriwa na nani, kwa kontra, yaani mkataba wa kazi, ya namna gani, na akiumia atatibiwa na nani.

Jirani yangu wa mtaa wa Katuba ni fundi wa kuchomelea. Kazi yake iko kwenye mgodi mkubwa upande wa Kolwezi. Kofia anayovaa kazini ina jina la mgodi, lakini karatasi ya mshahara ina jina jingine kabisa, la kampuni ndogo inayoukodishia mgodi watu, hizi tunazoziita sutretansi. Kontra yake ni ya mwezi mmoja mmoja. Mwaka jana cheche ziliingia kwenye glavu iliyochanika zikamuunguza kiganja. Zahanati ya mgodi ikamwambia yeye si mtu wao. Kampuni ndogo ikamwambia akapumzike nyumbani, bila malipo. Mwezi ulipokwisha, kontra nayo ikawa imekwisha. Alinionyesha ile karatasi: asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, imekatwa kama sheria inavyotaka, lakini mahali pa namba yake ya CNSS hapakuandikwa kitu.

Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la RAID la Uingereza, pamoja na wanasheria wa CAJ, kituo cha msaada wa kisheria cha hapa Congo, walichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti (madini ya kutengenezea betri) na shaba, wakakuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wamepitia kampuni za namna hiyo. Kwa hiyo tunazungumzia utaratibu mzima wa kuendesha migodi, na hawa waliomo ndani yake ndio vijana tunaowafundisha. Ukimpa mtu ujuzi bila kumpa ulinzi, umemwandalia mwajiri fundi hodari wa bei nafuu.

Sheria tunazo. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inasema kibarua wa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya kudumu. Ni vibarua wangapi wamewahi kuambiwa hivyo? Sheria ya sutretansi ya mwaka 2017 ilitaka kampuni hizo ziwe mikononi mwa Wakongomani, na mimi naiunga mkono, lakini mwenye kampuni akiwa Mkongomani haina maana kwamba kibarua wake amelindwa. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ukaguzi wa kazi, tuliuridhia tangu 1968. Sasa mkaguzi asiye na gari wala mafuta atafikaje Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa? Na akipanda gari la kampuni anayokwenda kuikagua, ataandika nini?

Hapo ndipo ningependa fedha za wahisani ziende. Na wasituambie kwamba mambo ya ajira ni ya ndani, hawawezi kuyagusa. Waliyagusa. Mwaka 2003 Benki ya Dunia ndiyo iliyogharimia kuondolewa kwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wazee wetu walikuwa wakisema kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama, kwa sababu nyumba, posho, hospitali na shule vyote vilitoka kwenye kampuni. Siku baba alipokabidhiwa bahasha yake ya kuondokea, mtoto alipoteza shule na mama akapoteza hospitali kwa mpigo. Wengi wa watoto wale walikwenda kuchimba madini. Kama fedha za nje ziliweza kuwatoa watu kazini, zinaweza pia kumlipia mkaguzi mafuta ya gari.

Nguvu ya kudai tunayo, maana zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Desemba 2022 Marekani ilitia saini makubaliano na Congo na Zambia kuhusu betri. Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya nao ukaja na ya kwake kuhusu madini. Ulaya huuliza sana kuhusu watoto wanaochimba, na ni haki kabisa kuuliza. Lakini wamuulizie na baba yao anayevaa kofia ya mgodi mkubwa. Baba mwenye kontra ya kweli na namba ya CNSS analipa ada ya shule, na mtoto wake haendi shimoni.

Kwa hiyo mradi wowote wa mafunzo usihesabu vyeti tu. Urudi baada ya mwaka mmoja uhesabu kontra na namba za CNSS za wale uliowafundisha, kisha uzitangaze. Mnunuzi wa kobalti aombe orodha ya kampuni zote za sutretansi zilizomo mgodini, na mgodi ubebe matibabu ya kila anayeumia ndani ya uzio wake, karatasi yake iwe na jina la yeyote. Na sendika, vyama vya wafanyakazi, zikae mezani kabla ya saini, zikiwa na wanasheria wao na nakala ya makubaliano mkononi. Desemba 1941, katika uwanja wa mpira wa mji huu, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji wakati wa ukoloni, walipigwa risasi kwa kudai nyongeza ya mshahara. Wajukuu wao wanadai karatasi yenye jina la mwajiri wao halisi.